WAGIRIKI NA WARUMI WANATUHUSU NINI SISI WA MERU NA EMBU?

Kuna swali ambalo huulizwa katika madarasa yetu kila mwaka, hasa mwishoni mwa Kidato cha Pili wakati wa kuchagua masomo. Mtu hufunga kitabu chake cha Historia na Serikali kwa kishindo na kuuliza, "Jamani, hawa watu wa Athens walikufa zamani za kale. Watanisaidia nini mimi ambaye kwetu tunakuza kahawa?" Wengine hucheka. Wengine huliacha somo papo hapo wakahamia kwingine. Mimi sikuliacha, na tangu wakati huo swali hilo nimeulizwa mara nyingi sana, maana sisi wa shule ya kutwa tuna njia ndefu ya kubishania tunaporudi nyumbani jioni. Leo nimeshika kalamu ili nilijibu kinaganaga.

Kwanza tuelewane ni watu gani tunaowazungumzia. Wagiriki wa kale, ambao Biblia huwaita Wayunani, hawakuwa na serikali moja. Kila mji ulijitawala wenyewe, na iliyovuma zaidi ni Athens na Sparta. Warumi nao walianza katika mji mmoja tu, Roma, ulioko Italia. Kidogo kidogo walipanua utawala wao hadi wakaizunguka Bahari ya Mediterania yote, na mwaka wa 30 K.K. wakaitwaa Misri. Hata asiyesoma Historia anawafahamu watu hawa kutoka kanisani. Korintho na Thesalonike, ambako Mtume Paulo alipeleka barua zake, ni miji ya Ugiriki, na barua hizo aliziandika kwa Kigiriki. Tena Matendo ya Mitume yatueleza kwamba Paulo aliposhtakiwa alikata rufani kwa Kaisari, kwa kuwa alikuwa raia wa Roma. Kumbe tumekuwa tukiwasoma Jumapili hata kabla ya kuwasoma Jumatatu!

Pili, watu hawa wamo vinywani mwetu na madaftarini mwetu. Ukisema Julai, unamtaja Julius Caesar. Ukisema Agosti, unamtaja Augustus, mfalme mkuu wa kwanza wa Roma. Katika Kemia tunakariri kwamba alama ya chuma ni Fe na ya dhahabu ni Au, halafu tunanung'unika kwamba herufi hizo hazifanani na majina tunayoyajua. Sababu ni kwamba Warumi waliita chuma ferrum na dhahabu aurum. Katika Hisabati hakuna aliyemkwepa Pythagoras na pembetatu yake. Katika Biolojia, muguka wa Mbeere na miraa ya Igembe huandikwa kwa jina moja, Catha edulis, na hilo neno la pili ni la Kilatini lenye maana ya kitu kinacholika. (Lakini usije ukamwambia mwalimu wa zamu kwamba Warumi ndio waliokuruhusu!)

Tatu, watu hao walitujua sisi kabla sisi hatujawajua wao. Yapata miaka elfu mbili iliyopita, katika karne ya kwanza B.K., mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia. Jina lake halikuhifadhiwa, lakini kitabu chake kipo hadi leo, nacho huitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Humo aliieleza pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambayo aliiita Azania. Alisema kwamba soko la mwisho la pwani hiyo liliitwa Rhapta, jina lililotokana na vyombo vya majini vilivyoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Alisema kwamba huko walinunua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa, na kuleta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Tena alieleza kuwa manahodha wa Kiarabu waliofika huko walioa wenyeji na kuijua lugha yao. Wataalamu wangali wanabishana Rhapta ilikuwa wapi hasa, lakini wengi huitafuta katika pwani ya Tanzania. Basi mwenye kusema kwamba historia ya Wagiriki ni ya mbali, na akumbuke kwamba maelezo marefu ya kale zaidi ya pwani yetu yameandikwa kwa lugha yao.

Hayo yote ni ya kweli, lakini kwangu mimi si sababu kubwa. Sababu kubwa ni serikali. Watu hao waliuliza swali ambalo hata sisi hatujamaliza kulijibu: nani anastahili kukaa barazani na kuamua mambo ya wote?

Tuanze na Athens. Mwaka wa 508 K.K. kiongozi aliyeitwa Cleisthenes alibadilisha utawala wa mji huo ili familia chache za matajiri zisitawale peke yao. Aliwagawa raia katika makabila kumi mapya, na kila kabila likatoa watu 50 wa kukaa katika Baraza la Watu 500. Baadaye watu hao walipatikana kwa kura ya bahati, na mtu hakuruhusiwa kukaa humo zaidi ya mara mbili maishani mwake. Maamuzi makubwa yalifanywa na mkutano wa raia wote, kwenye kilima kilichoitwa Pnyx, ambapo mkulima na mfua vyuma waliweza kusimama na kusema sawasawa na tajiri. Jina la utawala huo ni demokrasia, yaani nguvu ya watu.

Sasa tutazame nyumbani. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, na Wameru waliliamini jambo hilo barabara. Baraza lao la juu ni Njuri Ncheke, na makao yake makuu yako Nchiru, huko Tigania. Haingii humo mtu hivi hivi tu. Hupendekezwa, huchunguzwa tabia yake, hutoa ada na kula kiapo. Kesi za mashamba, ugomvi wa koo, uharibifu wa misitu, yote hayo yaliletwa mbele ya wazee. Upande wa Embu nako, wazee walikaa katika kiama na kuamua mashauri. Tena uongozi haukushikwa milele. Wameru waligawanyika pande mbili, Kiruka na Ntiba, na marika ya pande hizo yalipokezana hatamu. Rika lililokuwa limemaliza zamu lilikabidhi utawala kwa lililofuata, katika sherehe iliyoitwa ntuiko. Sasa niambie, mwenzangu, mtu anayeelewa ntuiko atashindwaje kuelewa kwa nini watu wa Athens walikataa mtu mmoja kukaa barazani maisha yake yote?

Tukienda Roma, mambo yanafanana zaidi. Kwa mapokeo ya Warumi, walimfukuza mfalme wao wa mwisho mwaka wa 509 K.K. Baada ya hapo walichagua viongozi wawili kila mwaka, ili mmoja amchunge mwenzake. Pembeni yao lilikaa baraza lililoitwa Senatus. Neno hilo limetokana na senex, ambalo kwa Kilatini ni mzee. Seneti basi ni baraza la wazee! Kenya ilipopata uhuru mwaka wa 1963 ilikuwa na Seneti. Ikavunjwa mwaka wa 1966, kisha Katiba ya 2010 ikairudisha, na sasa ina wanachama 67 pamoja na Spika. Tulisafiri mpaka Roma kuazima jina, kumbe kitu chenyewe tulikuwa nacho Nchiru.

Hapa wengi wetu hukomea. Tunapiga makofi na kusema, "Sisi pia tulikuwa na demokrasia yetu!" Ni kweli, wala mwalimu hatakunyima alama ukiandika hivyo. Lakini mimi ni msichana, na kila niliposoma habari za mabaraza hayo nilijiuliza swali dogo: je, mimi ningekaa wapi?

Jibu ni kwamba ningekaa nje. Huko Athens wanawake hawakuruhusiwa kwenye mkutano wa Pnyx. Watumwa hawakuruhusiwa, wala wageni, hata kama wamezaliwa mjini humo. Tangu mwaka wa 451 K.K., chini ya uongozi wa Pericles, haki ya uraia ilitolewa kwa mtu ambaye baba na mama wote wawili walikuwa wa Athens. Angalia maajabu hayo! Mama alihesabiwa ili mwanawe awe raia, lakini mama mwenyewe hakupiga kura. Katika Seneti ya Roma hakukuwa na mwanamke. Na Njuri Ncheke, kwa mila, ni baraza la wanaume.

Wengine watasema, "Hapo zamani ndivyo ilivyokuwa, mbona uwalaumu?" Siwalaumu. Nataka tuone matokeo yake, kwa maana historia hufundisha kwa matokeo. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka wa 427 K.K. Mji wa Mytilene uliwaasi watu wa Athens, ukashindwa. Raia wa Athens walikutana wakiwa na hasira, wakapiga kura kwamba wanaume wote wa Mytilene wauawe, na wanawake na watoto wauzwe utumwani. Merikebu ikatumwa na amri hiyo. Kesho yake watu wakaanza kuona haya. Wakakutana tena, wakabishana sana, na kwa kura chache tu upande wa huruma ukashinda. Merikebu ya pili ikatumwa mbio, wapiga makasia wakila huku wanavuta makasia, ikafika hukumu ikiwa karibu kutekelezwa. Viongozi wa uasi waliuawa, lakini mji ukasalimika. Jambo hili lilielezwa na mwanahistoria Thucydides, aliyeishi wakati huo huo. Tunajifunza kwamba baraza linaweza kukosea, hata likiwa la watu wengi, na kwamba ni vyema liwe na njia ya kusikiliza tena. Lakini tazama pia kwamba hao waliokuwa wakisubiri kufa au kuuzwa hawakuwa na kura katika siku ya kwanza wala ya pili.

Mfano wa pili ni wa Roma. Mapokeo husema kwamba mwaka wa 494 K.K. watu wa kawaida, waliokuwa wakikandamizwa na madeni, walitoka mjini wote wakaenda kukaa kilimani. Mji bila wakulima na askari ni mji gani? Wakuu wakalazimika kuwapa watetezi wao wenyewe. Baadaye watetezi hao walikuwa na uwezo wa kusimamisha amri kwa neno moja, veto, yaani nakataza. Neno hilo ndilo linalotumiwa hadi leo katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Na mwaka wa 42 K.K. wanawake nao walipata sauti, angalau kwa siku moja. Watawala watatu wa wakati huo walitaka kuwatoza kodi wanawake matajiri 1,400 ili kulipia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwanamke aitwaye Hortensia akasimama hadharani akahoji: ikiwa wanawake hawana sehemu katika vyeo wala katika uongozi, kwa nini watozwe kodi ya vita wasivyovianzisha? Watawala wakakasirika, wakataka kuwafukuza, lakini umati ukapiga kelele. Kesho yake idadi ya wanawake wa kutozwa ikapunguzwa hadi 400. Hakuwa na kiti barazani, alikuwa na hoja tu, na hoja hiyo ikapunguza mzigo wa watu 1,000.

Mfano wa tatu ni wa hapa kwetu. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1956, wakati wa Hali ya Hatari, Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana katika Meru. Serikali ya kikoloni iliunga mkono uamuzi huo. Sisi tunaosoma leo tunajua kwamba ukeketaji ni hatari kwa afya na ni kosa. Sheria ya mwaka wa 2011 inaukataza kote nchini. Kwa hiyo kama ni kuangalia jambo lenyewe, wazee walikataza kitu kibaya. Lakini ilikuwaje? Wasichana wengi walikaidi, wakajikeketa wenyewe kwa makundi. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Yaani amri iliyokusudiwa kuwaokoa wasichana iliwapeleka baadhi yao mbele ya mahakama!

Nimefikiri sana kuhusu jambo hili. Sidhani wasichana hao walipenda maumivu. Walikuwa wakiambiwa tangu utotoni kwamba bila tohara hawatakuwa wanawake kamili, na nyanya zao na mama zao ndio waliosimamia mambo hayo. Halafu ghafla wanaume, wakishirikiana na mkoloni, wanasema imekwisha. Hakuna aliyewaita wasichana wala mama zao kuwaeleza ubaya wa desturi hiyo na kuwasikiliza wana hofu gani. Amri njema ikiletwa na mtu asiyekusikiliza huonekana kama dharau. Nadhani laiti wanawake wangekuwa wamekaa Nchiru siku ile na kukubaliana wenyewe, pengine desturi hiyo ingeanza kufifia mapema zaidi.

Msomaji, usije ukasema kwamba naidharau Njuri Ncheke. La hasha! Mwacha mila ni mtumwa. Wazee wamepatanisha watu wengi ambao mahakamani wangemaliza ng'ombe wote kwa mawakili. Katiba yetu yenyewe, katika Kifungu cha 159, inahimiza njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisivunje haki za binadamu. Ninachosema ni kwamba mila ni kama shamba la majani chai. Usipolipogoa haliwi la jadi zaidi, linakuwa kichaka.

Na upogoaji umekwisha kuanza. Katiba ya 2010 inasema kwamba katika vyombo vya uongozi vya kuchaguliwa, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Ilitenga viti 47 vya wawakilishi wa wanawake katika Bunge la Kitaifa, kimoja kwa kila kaunti, na viti 16 vya wanawake katika Seneti. Hata hivyo Bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kutekeleza kanuni hiyo ya theluthi mbili, hata mwezi wa Septemba 2020 Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Mwaka wa 2022 kaunti zetu zote mbili, Meru na Embu, zilichagua wanawake kuwa magavana. Yule wa Meru aliondolewa na Seneti mwezi wa Agosti 2024, na Mahakama Kuu ikaidhinisha hatua hiyo mwaka wa 2025. Kila mmoja ana maoni yake kuhusu jambo hilo, nami sitayaingilia. Nasema tu kwamba safari hii mwanamke alikuwa ndani ya baraza akijitetea kwa kinywa chake mwenyewe, na wanawake walikuwa miongoni mwa waliopiga kura. Wa Athens wangestaajabu.

Kwa kifupi basi, tunawasoma Wagiriki na Warumi kwa sababu wametuachia kioo. Mtu huona kasoro za jirani upesi kuliko zake. Ni rahisi kwangu kusema kwamba Athens ilikosea kuwaacha wanawake nje. Nikishalisema hilo kwa sauti, siwezi tena kunyamaza nikiangalia kwetu. Kadhalika ni rahisi kuisifu Seneti ya Roma kwa sababu imo kitabuni. Nikishaisifu, siwezi tena kusema kwamba wazee wetu chini ya mti hawakujua serikali. Kioo kimoja chaonyesha uzuri na dosari pamoja.

Ningependa kumalizia kwa ombi kwa wanachama wa Chama cha Kiswahili. Habari za Athens tunazijua kwa kuwa mtu kama Thucydides aliketi akaandika. Habari za mabaraza yetu zimo vichwani mwa wazee, na habari za waliokaa nje ya mabaraza zimo vichwani mwa nyanya zetu. Wasichana wa mwaka wa 1956 sasa wamepita umri wa miaka themanini. Likizo hii, kila mmoja amtafute bibi au babu mmoja, amsalimu kwa heshima, amsaidie kupura maharagwe au kuchuma kahawa, kisha amwulize kwa upole: zamani kwenu mambo yaliamuliwa na nani, na nani hakuulizwa? Andika anavyokwambia, usimsahihishe. Kama hataki kusema jambo fulani, mwache. Muhula ujao tuyalete maandishi hayo hapa tuyasome pamoja, kabla hawa nao hawajawa watu wa kale.